Mwaka Kompyuta Ilipopanga Zamu za Jembe

Mjukuu wangu ana mchumba asiyekula wala kulala, na mahari hatoi. Anakaa ndani ya laptopu. Jina la mchumba nilimpa mimi, maana nilipofika Korogwe kukaa kwa binti huyo kwa ajili ya macho yangu, nilimkuta kutwa anamsemesha. "Fanya hatua ya kwanza. Ya pili usiguse. Ukikwama uliza, usibuni." Nikasema makubwa haya, ni mwanaume gani anaamrishwa hivi na anatii?

"Bibi, siyo mwanaume. Ni akili mnemba. Mimi naiandikia mpango, yenyewe inaandika programu."

"Basi mke mwenzangu, huyo usimwache." Wajukuu wa kike wote nawaita wake wenza, babu yao aliwaoa tangu wako kwenye mbeleko. "Mimi marehemu babu yako nilimwambia aezeke choo, nikasema, nikasema, mpaka choo chenyewe kikaanguka."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi kuchekesha watu sijambo. Shule niliishia pale pa kujua kuandika jina langu, lakini mdomo Mungu alinipa wa watu wawili.

Sasa nyumbani kwangu ni upande wa Handeni, ndani ndani huko, ukishuka kwenye basi unatembea tena. Tuna kikundi cha kina mama cha kulimiana. Leo tunalima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule. Mwenye shamba anapika makande na kuandaa togwa, sisi tunakuja na majembe na midomo. Tukiimba na kusengenya kidogo, jua likipanda unakuta shamba limegeuka jekundu lote. Na haraka lazima, maana mvua za kwetu siyo za kuaminika. Zinakuja kama mgeni wa mjini, anasalimia mlangoni anaondoka. Mvua ikikuta shamba limelimwa, una mahindi. Ikikuta bado, una hadithi.

Kupanga zamu ilikuwa kazi yangu tangu nywele zangu nyeusi. Nilikuwa napita nyumba kwa nyumba. Nafika, nakaribishwa kigoda, tunaulizana hali, watoto, mbuzi, kikohozi, halafu ndo nauliza, "Haya, wewe tuje lini?" Na kila mmoja atanijibu, "Mimi niacheni mwisho, anzeni na wenzangu." Wote, hakuna anayesema nianze mimi. Ukisema nianze mimi, utasemwa kisimani mpaka mvua nyingine. Basi mimi nilikuwa nasikia hilo la mwisho, halafu naangalia. Naangalia kihenge kimebaki na nini, jembe limeingia mpini au limelala uvunguni, na yule anayesema "niacheni mwisho" macho yake yanaelekea wapi. Kuna anayesema hivyo anachambua mboga, huyo ana nafasi kweli. Kuna anayesema hivyo anatazama shamba lake. Huyo naondoka kwake nikijua keshokutwa tuko hapo. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ndivyo ninavyofanya. Sikujua hata kama ni kitu cha kuambia.

Nina jirani yangu mmoja, Mshambaa, ameolewa kwetu akitokea Mpale, huko juu kwenye baridi. Mumewe alishatangulia mbele za haki, watoto wako mbali, na nyonga inamsumbua, jembe analishika kwa mazoea tu, ngwe moja haimalizi. Kikundi kisipomlimia mapema, basi halimi, na mahindi ya lile shamba ndo chakula chake cha mwaka mzima. Ananiita Mzigua wa vumbi, mimi namwita Mshambaa wa ukungu. Nikiumwa yeye ndo analeta uji, na anauleta huku ananitukana.

Kila mwaka alikuwa anasema niacheni mwisho, na kila mwaka nilikuwa namweka mwanzoni. Anakuja juu, "We Mzigua, nani kakuomba?" Mimi namjibu, "Nyamaza, kapike makande." Ndo salamu yetu ya msimu.

Mwaka huo macho yakanikataa. Daktari Korogwe akasema ni mtoto wa jicho, watapasua jicho moja, lipone, halafu la pili. Nisiiname, nisikae kwenye moshi, vumbi lisinipate. Nikamwambia baba, mbona umenikataza maisha yote? Akacheka, lakini hakunipunguzia hata moja. Na msimu wa kulima ndo huo unakuja.

Nani apange zamu? Mwaka niliolazwa na homa walipanga wenyewe, wakanuniana hadi Maulidi. Ndipo mjukuu akasema, "Bibi, niachie mimi. Kila mama ana simu, hata ya kitochi. Nitatengeneza programu, itawauliza kwa meseji, itapanga zamu, itawatangazia." Nikafurahi jamani! Nikaona sasa jina la ukoo limeingia kwenye kompyuta. Nikarudi nyumbani kufunga mizigo, na kabla sijaondoka nikaita kikao nikawaambia, "Mimi sitakuwepo. Simu itasema. Ikisema kwa fulani, ni kwa fulani. Sitaki kusikia mabishano." Walipiga vigelegele. Hata Mshambaa wangu alipiga, na alipiga kwa nguvu ili anikere.

Basi nikawa nimekaa Korogwe kitandani kwa binti, jicho moja limefungwa, jingine bado lina ukungu, nasikiliza vidole vinavyopiga laptopu kama mvua kwenye bati. Anauliza, mimi najibu, anaandika mpango. Hatua kwa hatua. Akimaliza hatua anamkabidhi mchumba, mchumba anaifanya, binti anaikagua, ndo wanakwenda nyingine. Ilinipendeza. Niliona ni kama kumfundisha mwali kupika, leo chumvi, kesho mafuta.

Siku moja nikasikia anafoka, "Nani kakwambia uweke hiyo?"

"Kafanya nini mchumba?"

"Kaongeza salamu ambayo haimo kwenye mpango. Kawaandikia 'Habari mwanachama mpendwa.'"

"Habari? Kwa mtu mzima? Mwambie aseme shikamoo!"

"Bibi, wengine ni wadogo."

"Basi wakubwa shikamoo, wadogo habari."

Akaandika hivyo. Punde mchumba akauliza, haya, nani mkubwa? Mjukuu akaniuliza miaka yao. Miaka? Huyu alizaliwa mwaka wa nzige, yule alizaliwa mama yake akirudi kwenye msiba wa shangazi. Mwisho tukaandika wote waamkiwe shikamoo. Nilisikia baadaye kuna msichana ameolewa juzi tu, alipopata shikamoo kwenye simu akatembea nayo mtaa mzima anaonyesha watu.

Yaani nilikuwa nacheka kila siku, mpaka mjukuu ananikumbusha, "Bibi, jicho."

Ikafika hatua ya kuwauliza. Meseji ikaenda, unataka kulimiwa mwanzo, katikati au mwisho, jibu moja, mbili au tatu. Tukasubiri. Majibu yakaja, na mchumba akasimama. Mjukuu akanisomea alichoandika: "Karibu wanachama wote wamechagua mwisho. Mpango hausemi nifanye nini wakichagua hivyo. Naomba maelekezo kabla sijaendelea."

Nilicheka mpaka nikashika bandeji. "Mwambie hao wote ni waongo! Wanasema tu kwa adabu."

"Sasa Bibi, wewe ulikuwa unajuaje anayesema kweli?"

"Si unamwona."

"Unamwona nini?"

Nikaanza kumweleza. Kihenge, jembe, macho yanaelekea wapi. Nikasikia vidole vimetulia. Halafu akasema taratibu, "Bibi, hiyo nitaiandikaje kwenye mpango?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Mimi, mwenye mdomo wa watu wawili. Nikarudia kihenge kilekile.

Tukajaribu. Nilisema, mwambie aangalie mwenye shida. Mjukuu akasema mchumba hana cha kuangalia, ana majibu tu, moja, mbili, tatu. Nikasema basi mpango useme Mshambaa awe wa kwanza. Binti akanigeukia, "Bibi, nikiandika hivyo wenzake wataona tumempendelea rafiki yako, na yeye atakataa." Kweli, angekataa. Angesusa hata makande asipike. Mwisho binti akaona njia, waulizwe mara ya pili. Nami nikaona sawa, maana kwetu mtu hakubali chakula kwa kukaribishwa mara moja. Akaandika, mchumba akafanya, meseji ikaenda tena.

Ile mara ya pili, jamani, watu walibadilika. Simu haina macho ya kukutazama, kisimani hakuna atakayejua ulijibu nini, basi mmoja akabonyeza moja, mwingine mbili, kila mtu akasema haja yake. Mjukuu akafurahi, "Bibi, sasa wamejipanga vizuri!" Mimi nilikuwa natoka kutiwa dawa, jicho linawasha, nikasema alhamdulillahi, nikalala. Mchumba akapanga, mjukuu akakagua kila mstari ukaoana na mpango, zamu zikatangazwa.

Nilipoamka nikauliza, "Mshambaa wangu wa ngapi?"

"Nani?"

"Yule mwenye nyonga."

Vidole vikapiga kidogo. "Wa mwisho, Bibi. Alijibu tatu mara zote mbili. Ni yeye peke yake."

Na mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma kule kwetu.

Nikampigia. Alipokea kwa kelele zake, "Ee, Mzigua! Jicho limeota au bado?"

"Linaota. We, umesema mwisho kwa nini?"

"Ulitaka nisemeje? Nianze mimi, kama mtoto kwenye sinia?"

"Wenzio wamesema!"

"Wenzangu na adabu zao, mimi na yangu. Mimi nimejibu kama ninavyokujibu miaka yote." Nikasikia mvua kwenye bati lake. "Ila miaka yote ulikuwa unakuja, unakaa kwenye kigoda changu. Mwaka huu umenitumia meseji."

"Jicho limefungwa, mwenzangu."

"Najua. Sikulaumu. Mvua nzuri huku, ungeona." Akaanza kunitania habari za msichana aliyeamkiwa shikamoo, nikacheka naye, lakini moyo ulikuwa umeshaingia baridi.

Nikampigia mwenyekiti wa kikundi. Nikamwambia, mama, hebu mgeuze, kesho muende kwa Mshambaa. Akanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo bibi. Lakini wewe mwenyewe ulitukataza mabishano. Ulisema simu ikisema, imesema. Tukigeuza kwa huyo, kila mtu atataka tugeuze."

Nikamrudia mjukuu. "Mwambie mchumba abadilishe."

Hapo nimsifu binti, hakunibishia. Akakaa chini akaandika upya ile hatua, akamweleza mchumba vizuri mama mwenye nyonga apande juu. Na mchumba, maskini, hana kinyongo, alifanya papo hapo. Lakini kabla ya kutuma, akauliza tena. Mjukuu akasoma: "Mabadiliko haya yatawaondolea zamu wanachama waliokwisha kutangaziwa na kuthibitisha. Je, kuna maandalizi waliyoanza ambayo yataharibika?"

Nikajikuta namjibu mimi, kama yuko mle chumbani. "Togwa."

"Togwa imefanyaje, Bibi?" binti akauliza.

Nikamweleza. Togwa haipikwi asubuhi ikanywewa mchana. Mtu akishajua zamu yake anapika uji, anatia kimea, anaacha iive, mtungi mzima wa kunywesha kikundi. Na zamu zetu zinafuatana mlango kwa mlango. Muda huo tunaoongea, mwenye zamu ya kesho togwa yake imeiva. Wa keshokutwa ameshatia kimea. Anayefuata unga wake uko kwenye maji. Ukimpokonya zamu, togwa inachachuka, na kuipika tena hana unga. Wengine unga huo ndo wa mwisho ndani, wamejikaza wakijua mahindi mapya yanapandwa. Nimtoe nani hapo? Huyo mwenye mtungi uliojaa amekosa nini?

"Basi tumweke katikati," binti akasema.

"Katikati pia wanaloweka."

Tukabaki tunatazamana. Yeye ananitazama, mimi natazama ukungu. Mchumba anasubiri jibu, hana haraka. Mwishowe binti akaandika, zamu zibaki kama zilivyo. Nilimsikia akibonyeza.

Nilijaribu kuondoka. Nilifunga kikapu changu, nikavaa kanga, nikasema naenda, nitalima mwenyewe kwa jicho moja. Daktari alisema nikiinama hata mara moja jicho linaweza kuharibika, na lile jingine bado halijapasuliwa. Mjukuu alisimama mlangoni. Alikinga mlango, mkono huku na mkono huku. Nikafungua kikapu nikatoa vitu kimoja kimoja.

Basi nikawa nasikiliza mvua kwa simu. Kila jioni nampigia Mshambaa. "Leo mko kwa nani?" Ananitajia. Alikuwa anakwenda kulimia wenzake, na nyonga ile. Nikamwambia usiende, pumzika. "Nisipokwenda kwao, watakujaje kwangu?" Anaimbisha wenzake, maana sauti anayo, anakaa kwenye kisiki anaimba, akipata nafuu anapiga majembe mawili matatu. Ananisimulia vituko, nani kaanguka kwenye tope, nani kaleta togwa chungu. Mimi nacheka. Halafu namuuliza, "Mvua?" Mwanzo alisema ipo. Halafu akasema imepungua. Halafu siku moja akasema, "Leo nimeanika kunde."

Kunde hazianikwi mvua ikinyesha.

Nilimwomba Mungu, nisifiche, nilimwomba hata kwa utani. Nikasema ewe Mola, wewe ndo mwenye mpango, hebu rudi hatua ya kwanza. Jua likawaka Korogwe, likawaka Hale, wapangaji wenzetu wanafurahi nguo zinakauka.

Zamu yake ilifika ardhi imeshakuwa jiwe. Walikuja wote, hakuna aliyekosa, na walilima kwa moyo, nilihadithiwa majembe yalikuwa yanatoa vumbi kama ng'ombe wa Wamasai wanapita. Alipika makande na nazi ndani, nazi sijui aliitoa wapi. Togwa yake ilisifiwa kuliko zote. Akapanda mahindi kwenye vumbi, akawaaga wenzake kwa vigelegele.

Mimi nilirudi baada ya jicho la pili. Jamani kuona! Niliona mikunjo ya mikono yangu nikashangaa hii mikono ya nani. Niliona kijani cha mahindi ya wenzetu, yamesimama, yana manyoya. Nikapita moja kwa moja mpaka kwa Mshambaa, hata nyumbani kwangu sijafungua.

Tulikwenda shambani pamoja, yeye na fimbo. Mahindi yake yalikuwa yananifika kwenye kifundo cha mguu, ya njano, yamejikunja kama sigara. Mengine hayakuota kabisa. Alikuwa ameshaanza kuchomeka vijiti vya mihogo katikati ya mistari. Mihogo nayo inataka mwaka.

"Usianze kulia," akaniambia. "Jicho lako bado jipya, utaliharibia watu."

"Utakula nini?"

"Nitakula kwako. Si nyie Wazigua mnajifanya wakarimu?" Akacheka, nami nikacheka, huku najua kwangu pia mwaka huo hapakulimwa chochote, zamu sikuomba maana sikuwepo kupika makande.

Simu yake ikalia ndani ya kanga. Akaitoa, akaisogeza mbali na macho, maana kusoma anajua kunizidi mimi. "Mchumba wenu huyo. Ananiamkia tena, sikuwa nimemjibu." Akasoma polepole: shamba lako limelimwa? Jibu ndiyo au hapana.

Akanitazama. "Si limelimwa?"

Nikatazama udongo. Ulikuwa umelimwa vizuri, kila pembe.

Akajibu ndiyo, akairudisha simu kwenye pindo, akainama taratibu kuchomeka kijiti kingine. Hapo hapo na yangu ikalia. Mjukuu, kutoka Korogwe, sauti imejaa furaha.

"Bibi! Umefika salama? Nilikuwa nasubiri mmoja tu, na sasa hivi amejibu. Mpango umekamilika, hatua zote. Wote wamelimiwa, hakuna aliyebaki. Sema ukweli, mchumba kafanya kazi?"

Nilisimama pale na simu sikioni, mahindi yananigusa kifundo cha mguu.

"Kafanya, mke mwenzangu," nikamwambia. "Limelimwa."